Arpad Elo, mwalimu wa fizikia ambaye jina lake limo kwenye simu za vijana wetu

Mpwa wangu ana miaka kumi na saba, na siku hizi haitiki salamu mpaka atazame simu kwanza. Wiki jana alikuja nyumbani baada ya Isha, uso umemshuka kama aliyefiwa. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia amepoteza alama 18. Nikadhani ni mtihani. Kumbe ni sataranji, kwenye klabu yao ya mtaani. Kafungwa na kitoto cha darasa la saba, na alama zake zimeshuka kutoka 1800 hadi 1782. Kwa hiyo amekata shauri hatacheza tena mwezi huu, azilinde zilizobaki.

Nikamuuliza hizo alama kazibuni nani. Hakujua. Alijua tu zinaitwa Elo, na alidhani ni ufupisho wa maneno ya Kizungu. Wengi hudhani hivyo, na hata magazeti makubwa huandika ELO kwa herufi kubwa zote tatu. Elo ni jina la mtu. Ni ukoo wa Arpad Elo, mwalimu wa fizikia, na maisha yake yanastahili kujulikana na kila kijana anayekosa usingizi kwa sababu yake.

Alizaliwa mwaka 1903 katika kijiji cha Egyházaskesző, nchini Hungaria, wakati huo ikiwa sehemu ya himaya ya Austria-Hungaria. Mwaka 1913 wazazi wake walihamia Marekani, naye akiwa mtoto wa miaka kumi. Alisoma fizikia Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akaenda kufundisha somo hilo Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee. Hapo ndipo alipoishi maisha yake yote ya kazi. Hakuwa tajiri, wala hakuwa mtu wa kutafuta majina.

Lakini alikuwa akijua kucheza. Alichukua ubingwa wa jimbo la Wisconsin mara nane, na mwaka 1939 alikuwa miongoni mwa waliounda Shirikisho la Sataranji la Marekani. Nalitaja hili kwa sababu huku kwetu tumezoea kuona sheria za mchezo zikiandikwa na watu ambao hawajawahi kuushika. Elo aliijua ladha ya kufungwa. Mwaka 1957, akiwa na miaka 53, alikaa mezani kwenye mashindano ya Milwaukee mbele ya mvulana wa miaka 14 kutoka Brooklyn, akafungwa. Mvulana huyo alikuwa Bobby Fischer. Miezi michache baadaye akawa bingwa wa Marekani nzima.

Tuje kwenye tatizo lenyewe. Pale barazani kwetu, penye bao na dhumna, kiwango cha mtu hupimwa kwa mdomo. Fulani ni fundi, fulani bado, fulani usimpe kete asubuhi kabla hajanywa kahawa. Kwa watu ishirini wanaoonana kila jioni, kipimo hicho chatosha. Lakini chukua fundi wa Lamu na fundi wa Unguja ambao hawajawahi kukaa ubao mmoja. Nani yuko juu? Kila mji utaapa kwa mtu wake.

Wamarekani walikuwa na tatizo hilo hilo kwa wachezaji waliotawanyika nchi nzima. Tangu mwaka 1950 walitumia hesabu za Kenneth Harkness, ambazo zilichukua wastani wa viwango vya wapinzani wako kwenye mashindano, zikaongeza au kupunguza alama 10 kwa kila asilimia uliyopata juu au chini ya 50. Ilikuwa hesabu nyepesi, na kila mtu aliielewa. Aibu yake ni kwamba mnyonge angeweza kuingia kwenye mashindano ya vigogo, akafungwa michezo yote, na hesabu ikamtoa na kiwango kikubwa kuliko alichoingia nacho. Shirikisho likaunda kamati ya kutazama upya, na Elo akapewa uenyekiti.

Alilifikiria kama mtu wa fizikia, aliyezoea kupima vitu visivyotulia. Mvuvi mzuri hapati samaki sawa kila siku. Leo ndoo tatu, kesho nusu ndoo, keshokutwa bahari imechafuka arudi mikono mitupu. Ukimhukumu kwa siku moja utamdhulumu, lakini ukimtazama kwa msimu mzima utajua ni mvuvi wa namna gani. Elo alisema mchezaji ni vivyo hivyo. Uwezo wake wa kweli hatuuoni. Tunachoona ni matokeo ya siku, na hayo hupanda na kushuka pande zote za uwezo huo, siku nyingi karibu na katikati, siku chache mbali.

Kwa hiyo kipimo chake hakiulizi umeshinda au umefungwa tu. Kwanza chauliza ulitarajiwa kufanya nini. Ukilingana alama na mpinzani, unatarajiwa kupata nusu. Ukimzidi kwa 200, unatarajiwa kupata kama robo tatu ya alama za mchezo. Ukimzidi kwa 400, ni kama asilimia 91. Baada ya mchezo, huchukuliwa ulichopata, kikatolewa ulichotarajiwa, na tofauti hiyo huzidishwa kwa nambari ambayo klabu au shirikisho limeiweka. Kwenye klabu ya mpwa wangu nambari hiyo ni 20 kwa wenyeji na 40 kwa wageni, ili mgeni afike haraka kwenye daraja lake.

Sasa mtazame mpwa wangu. Yeye 1800, yule mtoto 1400. Alitarajiwa kupata 0.91. Angeshinda, angeongezewa alama 2 tu, maana hakuna la ajabu. Kwa sare angepoteza 8. Kafungwa, kapoteza 18. Hakuna aliyemwonea. Hesabu imesema tu kwamba pengine yeye si wa 1800 kamili, au yule mtoto si wa 1400.

Wamarekani waliukubali mfumo huo mwaka 1960, na Shirikisho la Kimataifa, FIDE, likaufuata mwaka 1970. Kinachonishangaza mimi ni kwamba kwa miaka mingi viwango vya mabingwa wa dunia vilikuwa vikikokotolewa na Elo mwenyewe, mzee na kikokotoo chake cha mkononi. Na mwaka 1972 orodha hiyo ilimweka juu kabisa, kwa alama 2785, yule yule mvulana aliyemfunga Milwaukee. Bingwa wa dunia wakati huo, Boris Spassky, alikuwa na 2660. Kwa tofauti ya 125 Fischer alitarajiwa kupata kama asilimia 67. Walipokutana Reykjavik mwaka huo, katika michezo 20 waliyocheza ubaoni, alipata alama 12 na nusu, yaani asilimia 62 na nusu. Huo si utabiri wa mganga, ila si haba.

Mwaka 1978 alitoa kitabu kueleza mfumo wake, humo akawapima pia mabingwa waliokufa zamani kwa matokeo yao ya kale. Hapo wengine walimbishia, na mimi naona walikuwa na haki. Alama za Elo hulinganisha watu waliochanganyika kwa kucheza. Waliotenganishwa na miaka mia, mlinganisho wao ni wa kubahatisha.

Udhaifu huo huo wa kutochanganyika ulikuja kuonekana wazi baada ya kifo chake. Mfungwa mmoja wa jela ya Virginia, Claude Bloodgood, alicheza maelfu ya michezo na wafungwa wenzake, na kufikia mwaka 1996 alama zake zilivuka 2700, akawa karibu na kilele cha orodha ya Marekani bila kutoka nje ya geti. Wako waliosema alipanga, wako waliosema hesabu yenyewe ndiyo iliyopotoka kwa kufungiwa ndani naye. Vyovyote iwavyo, klabu zetu zisizotoka mtaani zijiangalie. Bingwa wa watu kumi na wawili wasiocheza na mwingine yeyote anaweza kuwa na nambari ya kutisha kwenye karatasi.

Baadaye walikuja wataalamu wengine wakarekebisha. Mark Glickman aliongeza kipimo cha mashaka, ili aliyekaa miezi bila kucheza alama zake zichukuliwe kwa tahadhari. Tovuti nyingi za sataranji hutumia mfumo wake. Michezo ya kompyuta nayo ikaazima kwa Elo: League of Legends, kwa mfano, ilianza na alama zake kabla ya kwenda kwenye madaraja. Hata FIFA, tangu mwaka 2018, hupanga timu za taifa za wanaume kwa hesabu ya ukoo huo. Harambee Stars wakifunga timu iliyo juu yao wakaruka ngazi kadhaa, jueni ni yule mwalimu wa Milwaukee.

Yeye mwenyewe uzeeni hakufurahia yote. Aliona vijana wakiacha kuuchunguza mchezo, wakakesha wakichunguza orodha ya alama kama watu wa kamari ya farasi, na akahofia kwamba kitu alichokiumba kimemponyoka. Nia yake ilikuwa kupima tu. Walioifanya alama kuwa mali ya kufungiwa kabatini ni sisi. Kwa maoni yangu klabu zina lawama hapa kuliko watoto, kwa kubandika orodha ukutani kila wiki na kumpa wa kwanza kiti cha mbele, kisha kushangaa wa kwanza anapoanza kuumwa tumbo kila siku ya mashindano.

Mwaka 1988 aliingizwa kwenye nyumba ya kumbukumbu ya magwiji wa sataranji wa Marekani. Alifariki Novemba 1992, akiwa na miaka 89, huko huko Wisconsin.

Nilimsimulia mpwa wangu haya yote, pamoja na habari ya mzee aliyefungwa na mtoto wa miaka 14 kisha akaendelea kucheza. Alisikiliza huku anatafuna kaimati. Aliniuliza swali moja tu: yule mtoto wa darasa la saba, kwa kuwa ni mgeni na nambari yake ni 40, kapata ngapi? Tukapiga hesabu nyuma ya bahasha. Alama 36. Sasa yuko 1436.

Akatazama ile bahasha, akanyamaza kidogo, kisha akauliza Jumamosi klabu inafunguliwa saa ngapi.