Mwanga wa Buganda, Kabaka wa Rika Langu

Siku ile mwalimu wa historia alipomtaja Kabaka Mwanga wa Pili, darasa zima liliguna. Si ndiye aliyewachoma watu moto? Ndiye. Nami niliguna pamoja na wenzangu. Lakini nilipopiga hesabu nikabaki mdomo wazi. Mwanga alizaliwa mnamo 1868 hivi, na babake, Mutesa wa Kwanza, alifariki Oktoba 1884. Kumbe alipokalia kiti cha enzi alikuwa na umri wa miaka 16 hivi, umri wangu mimi ninayeandika haya!

Hebu itazame nyumba aliyoirithi. Kulikuwa na Waarabu na Waswahili waliotoka Zanzibar na dini ya Kiislamu, Waprotestanti wa Uingereza waliofika 1877, na mapadre Wafaransa waliofika 1879. Kila kundi lilikuwa na wafuasi wake mlemle ikuluni. Mutesa alikuwa mjanja, alijua kuwachezesha wote. Mwanga hakuwa na ujanja huo, alikuwa na hofu tu.

Na hofu yenyewe haikuwa ya bure. Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wakinyakua nchi upande wa pwani. Mara ikasikika kwamba Mzungu anakuja kupitia Busoga, mlango wa mashariki ambao Waganda waliuogopa sana. Mzungu huyo alikuwa Askofu James Hannington, aliyekuwa ameikata nchi yetu hii kwa miguu. Mwanga akatoa amri, naye akauawa tarehe 29 Oktoba 1885. Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu, alimkanya Kabaka juu ya jambo hilo. Naye akauawa mwezi uliofuata.

Hapa kalamu yangu inakuwa nzito. Vijana wa ikulu walioshika Ukristo walikataa kufuata matakwa ya Kabaka, naye akaona kwamba sasa wana bwana mwingine. Tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake wengi walichomwa moto Namugongo. Kizito alikuwa na miaka 14 hivi, yaani mtoto wa kidato cha kwanza! Hilo siwezi kumtetea Mwanga, hata kidogo.

Ila nitasema jambo moja. Mwaka jana baba alilazwa hospitalini, nikaachiwa shamba letu la majani chai kwa wiki tatu. Huyu anataka pesa leo, yule ananiambia nisimwamini huyu, jamaa mwingine anataka majani yetu yapimwe kwa namba yake. Mimi nikamfokea mchumaji mdogo kuliko wote, ambaye hakuwa amenikosea lolote. Kwa nini yeye? Kwa sababu ndiye niliyemweza. Na hilo lilikuwa shamba la ekari moja tu, si ufalme.

Baada ya hapo Mwanga hakupata utulivu. Aliwalazimisha watu kuchimba ziwa pale Mengo, wakachoka naye. Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakampindua, akakimbilia kusini mwa Ziwa Victoria. Kumbe Wakristo walewale ndio waliomrudisha baadaye, maana nao walikuwa wamefukuzwa na Waislamu! Desemba 1890 Kapteni Lugard akamtia sahihi mkataba. Kuanzia 1894, Buganda ilipowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, Kabaka alibaki jina tu.

Julai 1897 alitoroka akaanzisha vita dhidi ya Waingereza, akashindwa. Agosti wakamvua ufalme, wakamtawaza mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja tu. Ama kweli, yeye wa miaka 16 walimwona mdogo! Mwanga akaenda kuungana na Kabalega wa Bunyoro, aliyekuwa adui wa Buganda tangu zamani, hadi wote wawili wakakamatwa Aprili 1899. Wakapelekwa visiwa vya Shelisheli. Mchezo huo Waingereza waliupenda. Hata huku kwetu Kericho, ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi mwaka 1934.

Huko Shelisheli Mwanga alibatizwa, akaitwa Danieli. Ndiyo, dini ileile. Alifariki tarehe 8 Mei 1903, akiwa na miaka 35 hivi. Mwaka 1910 mabaki yake yalirudishwa nyumbani, akazikwa Kasubi alikozikwa babake.