George Washington Carver: Mwalimu wa Bustani ya Nyumbani

Mwalimu wa kilimo hupimwa kwa chakula kilichomo chunguni mwa wale aliowafundisha. Kwa kipimo hicho, maisha ya George Washington Carver yanastahili kuchunguzwa na kila mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi.

Carver alizaliwa utumwani yapata mwaka 1864 katika jimbo la Missouri, Marekani. Akiwa mchanga alitekwa na wanyang'anyi pamoja na mama yake; mtoto akapatikana, mama hakuonekana tena. Kwa kuwa shule ya karibu haikupokea watoto Weusi, aliondoka nyumbani angali mdogo, akajisomesha kwa kupika na kufua nguo za watu. Alipata shahada ya kwanza ya kilimo huko Iowa mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896. Mwaka huo huo Booker T. Washington alimwita kufundisha Tuskegee, Alabama.

Huko aliwakuta wakulima Weusi wakilima mashamba ya watu wengine kwa kugawana mavuno. Pamba ilipandwa karibu na milango ya nyumba, udongo ulikuwa umechoka, na unga na nyama vilikopwa dukani kwa riba kubwa. Hivyo mtu aliweza kulima pamba mwaka mzima, akaishia na deni na njaa.

Carver alianza na vitu walivyokuwa navyo watu hao. Majani makavu na matope ya kinamasi yalifanywa mboji. Kunde na karanga zilipandwa ili zilishe watu na kurudisha rutuba, maana vijidudu vya mizizini mwake hunasa naitrojeni ya hewani. Kijitabu chake cha mwaka 1898 kilieleza jinsi ya kulisha mifugo kwa matunda ya mwaloni, yaliyookotwa bure msituni. Mwaka 1906 chuo kilianza kutuma vijijini gari la kukokotwa na wanyama, likiwa na zana na mbegu, ili somo litolewe penye shamba lenyewe. Mwaka 1910 aliwaandikia walimu wa vijijini kijitabu kuhusu bustani za shule.

Hata hivyo, bustani haikuweza kuondoa dhuluma iliyokuwamo katika umilikaji wa ardhi. Mpangaji aliyelazimishwa kupanda pamba peke yake hakuwa na mahali pa kupanda mboga, hata kama alilijua somo barabara.

Carver alifariki tarehe 5 Januari 1943. Mwalimu anayemfuata hana budi, kabla ya kugawa mbegu, kujua mambo matatu kuhusu nyumba za wanafunzi wake: ardhi ni ya nani, maji yanatoka wapi, na ni masalio gani yanayotupwa ambayo yangeweza kulisha kuku au udongo. Akishayajua, ndipo aandae somo.