Euler na Namba 4,294,967,297

Leonhard Euler alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707, akafariki St Petersburg, Urusi, mwaka 1783. Uzeeni alikuwa karibu haoni kabisa, lakini aliendelea kuhesabu kichwani na wengine wakamwandikia.

Kabla yake, Mfaransa Pierre de Fermat alitazama mfululizo wa 3, 5, 17, 257 na 65,537. Twaa namba moja, punguza 1, zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, ongeza 1, utapata inayofuata. Zote tano ni namba tasa. Fermat akaamini kuwa ya sita, 4,294,967,297, ni tasa pia.

Mwaka 1732 Euler alionyesha kuwa namba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Baadaye alithibitisha kuwa kila kigawo tasa chake, kikigawanywa kwa 64, huacha baki 1. Hivyo tunajaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641: majaribio matano tu.

Basi katika somo la vigawo tusiwaachie wanafunzi waamini kanuni kwa sababu mifano michache imekubali, au kwa sababu mwalimu kasema. Tuwape 91, ambayo huonekana tasa, waigawanye wenyewe.