Siku 40 za Sheikh Hamdullah

Nilipokuwa chuoni, mwalimu aliniandikia mstari mmoja juu ya ubao, nami niunakili chini yake mpaka ubao ujae. Nikiudhika sana. Nilidhani kuiga ni kazi ya mtu asiye na lake. Aliyenitoa katika ujinga huo, ukubwani, ni Sheikh Hamdullah, bingwa wa khati wa Uturuki aliyefariki mwaka 1520.

Alizaliwa Amasya katika karne ya 15. Liwali wa huko alikuwa Bayezid, mwana wa Sultani, naye alijifunza khati kwake. Mwaka 1481 Bayezid akatawala, akamwita mwalimu wake Istanbul. Husimuliwa kwamba Sultani mwenyewe alikuwa akimshikia kidau cha wino anapoandika.

Zama hizo waandishi walifuata kalamu ya Yaqut al-Musta'simi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1298. Sultani akatoa kazi za Yaqut katika hazina yake, akamtaka Sheikh atafute njia mpya. Basi, yasemekana Sheikh alijitenga siku 40, yeye na karatasi za marehemu. Hakuzitupa ili aanze upya. Alizitazama na kuzinakili, akateua herufi zilizopendeza kuliko wenziwe, akazifuata hizo mpaka mkono ukazizoea.

Alipotoka, mwandiko haukuwa wa Yaqut tena, ulikuwa wake. Waandishi wa dola ile wakaufuata. Aliandika misahafu mingi, na khati yake ingaliko katika Msikiti wa Bayezid mjini Istanbul. Katika karne ya 17 Hafiz Osman naye akakaa mbele ya kazi za Sheikh Hamdullah, akazinakili, akapata mwandiko wake mwenyewe.

Wazee wetu husema mwacha asili ni mtumwa. Mimi nilidhani mtumwa ni yule anayenakili. Kumbe aliyenakili hata akatosheka ndiye aliyepata uhuru wa kalamu yake.

Mwalimu wangu amekwisha kufariki, wala sikumshukuru. Niliuacha ubao mapema, kabla ya siku zangu 40 kutimia. Hata leo nikiandika kwa herufi za Kiarabu, kaf yangu ni ile yake, nayo ni nzuri. Zilizobaki hazina mwenyewe.