Gustav Cassel na Ujira wa Mchuma Chai

Hivi majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha nne huko Litein. Mmoja wao aliniuliza swali lililonikwamisha. Mjomba wake huchuma majani chai. Ujira wake ukigeuzwa dola huwa haba hata mtu akashangaa vipi anaumaliza mwezi. Mbona basi anaishi, tena anasomesha?

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mwanauchumi. Hata hivyo, aliyetufungulia njia ya kulijibu swali hilo ni Gustav Cassel wa Uswidi.

Cassel alizaliwa Stockholm mwaka 1866. Alianza na hisabati, akapata udaktari wake Uppsala mwaka 1895, ndipo akageukia uchumi. Tangu 1904 hadi 1933 alikuwa profesa mjini Stockholm. Bertil Ohlin na Gunnar Myrdal, waliokuja kutuzwa Nobel, walikuwa wanafunzi wake. Wala hakudharau magazeti. Aliyaandikia makala mengi ajabu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozitenga sarafu za Ulaya na dhahabu, bei zilipanda na thamani ya fedha ikayumba. Cassel alishikilia kwamba fedha ina thamani kwa sababu ya kile inachonunua kwao. Mwaka 1918 alilipa wazo hilo jina: usawa wa uwezo wa kununua. Alitaraji kuwa viwango vya kubadilisha fedha vingefuata bei za bidhaa. Alifariki mwaka 1945.

Tarajio hilo halikutimia barabara, kwani si kila kitu huvuka mpaka. Kinyozi wa Bomet hanyoi vichwa vya London. Ndiyo maana shilingi hununua mengi zaidi nyumbani kuliko inavyodaiwa na benki. Mwaka 1968 wataalamu wakiongozwa na Irving Kravis walianza kulinganisha mapato ya mataifa kwa bei halisi. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi kumi za kwanza, kwa bei za mwaka 1970, na pato lake likaonekana kubwa kuliko lilivyosomeka kwa kiwango cha benki.

Je, mchuma chai ni tajiri asiyejijua? La hasha! Viazi, maziwa na nauli ya matatu hulipwa kwa bei ya hapa. Lakini dawa, simu na mafuta ya gari hutoka ng'ambo, na huko dola ndiyo msemaji. Chai yenyewe huuzwa mnadani Mombasa kwa dola. Anayetumia urahisi wa viazi kuutetea ujira duni anatumia nusu ya ukweli.

Katika isimu twajua kwamba kamusi hutoa neno, muktadha hutoa maana. Kiwango cha benki ni kamusi. Bei za sokoni ni muktadha. Walimu wenzangu, mwanafunzi akilinganisha mapato ya nchi mbili, na aulizwe kwanza: fedha hizo zitanunua nini, na wapi?