Hastings Kamuzu Banda

Hastings Kamuzu Banda (takriban 1898 - 25 Novemba 1997) alikuwa daktari na rais wa kwanza wa Malawi.

Alizaliwa karibu na Kasungu, akafanya kazi migodini Afrika Kusini kabla ya kwenda Marekani mwaka 1925. Alipomaliza sekondari huko Wilberforce, Ohio, mwaka 1928, alijiunga na Chuo Kikuu cha Indiana kusoma masomo ya sayansi yanayotakiwa kabla ya kuingia chuo cha tiba. Baada ya mihula minne alihamia Chuo Kikuu cha Chicago, ila shahada aliyoipata huko mwaka 1931 ilikuwa katika historia. Pia alimsaidia mwanaisimu Mark Hanna Watkins kuchunguza sarufi ya Kichewa. Tiba yenyewe aliisomea Meharry, chuo cha Wamarekani weusi mjini Nashville, akahitimu mwaka 1937.

Hata hivyo shahada hiyo haikutosha kumruhusu kutibu katika makoloni ya Uingereza. Ilimbidi asome tena Edinburgh, Uskoti, hadi akapata leseni mwaka 1941. Alifanya kazi Uingereza, halafu Kumasi (leo nchini Ghana).

Mwaka 1958 alirudi nyumbani kuongoza harakati za uhuru. Alitawala kwa mabavu hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa mwaka 1994.