Percy Julian na Mlango wa Uzamifu

Wengi wetu huamini kwamba masomo ya uzamifu ni kipimo cha akili peke yake: mwenye nazo hupita, asiyekuwa nazo hurudi. Mimi ni mwanaisimu wala si mwanakemia, lakini rai hiyo siikubali, na ushahidi wangu ni maisha ya mwanakemia Mmarekani mweusi, Percy Julian.

Julian alizaliwa mwaka 1899 mjini Montgomery, jimbo la Alabama, akiwa mjukuu wa watumwa. Ubaguzi wa rangi ulimnyima elimu kamili ya sekondari, hivyo alipoingia Chuo Kikuu cha DePauw, jimboni Indiana, ilimlazimu kusoma masomo ya sekondari sambamba na yale ya chuo. Hata hivyo, alipohitimu mwaka 1920 ndiye aliyeongoza darasa lake.

Baada ya kufundisha kwa muda, alipata ufadhili wa kwenda Harvard, akahitimu shahada ya uzamili mwaka 1923. Hapo ndipo njia ilipofungwa. Alinyimwa nafasi ya kufundisha akiwa msaidizi, kwa hofu kwamba wanafunzi weupe wasingekubali kufundishwa na mtu mweusi. Bila nafasi hiyo, uzamifu ukamponyoka. Waama, si akili iliyopungua.

Baadaye alifundisha katika vyuo vya Weusi. Mwaka 1929 alipata ufadhili wa wakfu wa Rockefeller, akavuka bahari hadi Chuo Kikuu cha Vienna, nchini Austria. Huko, chini ya Profesa Ernst Späth, alichunguza alkaloidi, yaani kemikali kali zinazopatikana ndani ya mimea, na mwaka 1931 akatunukiwa shahada ya uzamifu.

Matunda hayakuchelewa. Mwaka 1935, akiwa DePauw pamoja na mwenzake wa Vienna, Josef Pikl, alifaulu kuunda maabarani fisostigmini, dawa ya ugonjwa wa macho uitwao glakoma. Kemikali hiyo asili yake ni haragwe la Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria, ambako wenyeji walilitumia zamani kama sumu ya kiapo kwa washukiwa wa uchawi. Katika kazi hiyo Julian alipingana na Robert Robinson wa Oxford, mwanakemia mashuhuri mno, na ikadhihirika kwamba Julian ndiye aliyekuwa sahihi.

Pamoja na ushindi huo, DePauw haikumpa uprofesa. Mwaka 1936 alijiunga na kampuni ya Glidden mjini Chicago, ambako alitumia soya kutengeneza homoni kwa wingi. Mwaka 1950 nyumba aliyoinunua Oak Park ilijaribiwa kuteketezwa. Hakuhama. Mwaka 1973 alichaguliwa katika Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani, na miaka miwili baadaye akafariki.

Funzo lake latuhusu sisi wahadhiri kuliko wanafunzi. Nafasi ya kufundisha, ambayo kwa idara ni jambo dogo, kwa mwanafunzi asiye na karo ndiyo uzamifu wenyewe. Kwa hivyo, vigezo vya kuigawa na vitangazwe wazi, na ukabila, ujamaa na ukwasi visipewe sauti. Julian alipata Vienna. Wanafunzi wetu wengi hawana Vienna ya kukimbilia.